Rejeta Imejaa, Injini Haijajaa

Gari lilikuwa limetoka gereji kubadilishwa pampu ya maji, na bado likawa linachemsha. Mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu, ukashuka ghafla, ukapanda tena. Nikawasha hita, ikapuliza upepo wa baridi. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu hasa, kwa sababu hita hupata joto lake kwenye maji yale yale yanayozunguka injini. Injini inaungua, hita ni baridi: maji hayafiki.

Fundi mmoja mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. "Walipojaza maji, waliacha gari lingurume mfuniko ukiwa wazi, au walifunga wakakupa ufunguo?"

"Walifunga, mzee."

"Basi mwanangu, una hewa humo ndani. Rejeta imejaa, injini haijajaa."

Tulingoja mpaka mpira wa juu wa rejeta ukashikika kwa mkono mtupu. Hakukubali haraka kwenye hilo, nami namuunga mkono hadi leo: mfumo ukiwa wa moto una presha, na maji yaliyomo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, yanakurukia usoni.

Aliegesha gari kwenye mwinuko, pua juu, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Hewa hukimbilia juu, kwa hiyo alitaka mdomo wa rejeta uwe juu kuliko sehemu nyingine zote. Akafungulia hita hadi mwisho, akalegeza skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na themostati, ule mlango mdogo unaofungukia maji yakipata joto, akaanza kumimina kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, polepole kama anayemnywesha mtoto dawa. Skrubu ilifyonya, ikatema povu, kisha likatoka tone la kijani, jingine, halafu mchirizi usiokatika. Akaikaza.

"Washa."

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Themostati nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 90 hivi, na kabla ya hapo hewa iliyojificha nyuma yake haina njia pana ya kutokea. Naamini wengi hukosea hapa hapa, kwa kukosa subira. Mzee alikuwa akiubinya mpira wa juu na kuuachia, akiubinya na kuuachia. Mara maji yakadidimia mdomoni mwa rejeta, kikapanda kiputo kikubwa, kikapasuka.

"Huyo ndiye mwizi wako," akasema.

Vikafuata vingine. Nikawa naongeza kulanti, viputo vikipungua ukubwa hadi vikakoma. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikaweka kiganja kwenye matundu ya hita: joto tupu! Ndipo akafunga mfuniko, akaniagiza nikague tena injini ikishapoa kabisa. Asubuhi nilikuta kiwango kimeshuka kidogo kwenye tanki la akiba, nikakijazia hadi kwenye mstari.