Bobi na Watu wa Getini

Kumfundisha mbwa kukaa ni kazi ndogo. Kumfundisha akae wakati mtoto wa jirani anapita na andazi mkononi, hapo ndipo wiki hii yote imeishia.

Bobi ni mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na la pili limelala. Ana miezi mitano hivi, na chanjo ya kichaa cha mbwa keshachomwa. Sina mpango wa kumfanya mbwa wa polisi. Tunaishi uswahilini hapa Morogoro, uzio wetu ni michongoma yenye matundu, na getini watu wanapita kutwa. Mmoja wao ni mzee jirani yetu, anayepita na kanzu yake kwenda msikitini. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi huku kwetu, mate ya mbwa yakigusa nguo, huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa mbwa anayempenda kila mtu, anayeonyesha mapenzi yake kwa kurukia watu kifuani, huyo si wa kuchekea.

Mama anaamini fimbo. Anasema mbwa wa kwao walikuwa na adabu kwa sababu walijua mwanzi una uchungu gani. Sibishani naye, lakini mbwa niliowaona wakilelewa hivyo walijua jambo moja tu: kumkimbia mwenye fimbo. Ukiwaita, wanazidi kwenda.

Mimi nimeiga kwa majirani zetu wengine, APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mfupi, halafu hupewa chakula, ndizi kwa mfano. Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alifanya kazi nzito ya kunusa mabomu Kambodia hadi mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Ule mlio ndio wenye kazi. Unamwambia mnyama: hicho hicho ulichofanya sasa hivi, ndicho. Ukichelewa kidogo tu, ameshainuka, na wewe unamtuza kwa kuinuka.

Mlio wangu ni “Ehee!” Malipo ni dagaa, aliyekatwa vipande vidogo kabisa. Nashika kipande juu ya pua ya Bobi, nakirudisha taratibu nyuma ya kichwa chake. Kichwa kinapanda, makalio yanashuka yenyewe. Yakigusa chini tu: ehee, dagaa. Sijamsukuma mgongoni hata kidogo. Neno “kaa” nililiingiza baadaye, alipokwisha kuelewa mwendo wa mkono. Kulala kunatokana na hapo: dagaa anashuka katikati ya miguu ya mbele mpaka ardhini, na mbwa anamfuata. Tunafanya dakika chache kabla ya chakula chake, na naacha wakati bado anataka.

“Njoo” ina sharti lake, na nimelitangaza nyumba nzima: asiitwe ili agombezwe, wala ili afungwe kamba. Akija, hata kama amechelewa, hata kama mdomoni ana ndala ya mtu, anapokelewa vizuri. Mdogo wangu analiona hili kama kumdekeza. Basi na adekezwe. Mbwa akija anapoitwa, mengine tutaongea.

Shida ni kwamba uani kote Bobi ni mwanafunzi bora, lakini getini anasahau kila kitu. Ndivyo walivyo, kukaa jikoni na kukaa getini kwake ni masomo mawili. Kwa hiyo tumeanza upya palepale, mbali na geti kwanza, kamba mkononi, tukisogea kila anapotulia. Jana jioni mzee akapita. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Huyo jamaa yako leo kafungwa?” Nikamwambia hapana, yuko shuleni. Akasimama ng’ambo ya barabara kutazama. Bobi akakaa, akitetemeka mwili mzima, mkia ukifagia vumbi. Mzee akacheka: “Haya, ila ukicheza na mbwa atakufuata msikitini.” Akaenda zake, kanzu safi. Nilimpa Bobi dagaa mzima.

Kuku wa mama ni habari nyingine. Mbele ya kuku, dagaa hana thamani yoyote. Bobi hata hamnusi. Inabidi malipo yapande. Nimeagiza buchani utumbo wa kuku, nitauchemsha kesho, nimfundishe kuacha kuku kwa kumlipa kuku. Mama bado sijamwambia.