Kudunduliza Mwanga Namibia

Betri yangu ya kuendeshea vifaa vya kupiga picha za nyota ilibaki kwenye meza ya ukaguzi ya uwanja wa ndege wa pili, si ule nilioanzia safari. Nalisisitiza hilo kwa sababu linaniuma mpaka leo. Uwanja wa kwanza walifungua begi, wakaigeuza betri, wakasoma maandishi ubavuni, wakanirudishia. Uwanja wa pili dada mmoja mwenye glovu akasoma maandishi yale yale, wati-saa 240, akatikisa kichwa. Kanuni ni kwamba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 unapanda nayo ndege bila maswali, kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa kwa shirika la ndege, na ikizidi hapo abiria haruhusiwi kuwa nayo kabisa. Kanuni ni ya haki, moto wa lithiamu ndani ya ndege si jambo la kuchezea, na mimi ndiye niliyepaswa kuisoma kabla. Lakini kama ningeambiwa kule nilikotoka, ningemkabidhi mdogo wangu aliyenisindikiza, naye angerudi nayo nyumbani. Hapa nilipewa kikaratasi chenye muhuri, nikaelekezwa lango la ndege.

Bila betri ile, nilichobeba ni mzigo tu. Nilikuwa na darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 72, kamera, kompyuta, na mtambo wa kufuatilia nyota ambao peke yake ulinifanya nilipie uzito wa ziada mara mbili. Mtambo huo una mota inayozunguka kinyume cha dunia. Dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo ukiiacha kamera wazi dakika mbili bila kuifuatisha, kila nyota inageuka mchirizi. Na mota haiendi bila volti 12.

Kutoka Windhoek hadi pembezoni mwa jangwa la Namib ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari la kukodi, sehemu kubwa changarawe. Barabara ile ina matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na yaliilegeza hata skrubu ya mguu wa tripodi niliyoikaza kwa ufunguo. Nilichagua shamba moja linalopokea wageni, kusini mwa kijiji kidogo cha Solitaire. Hifadhi ya NamibRand, iliyotambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, iko mbele zaidi, lakini kulala upande ule kulinishinda bei. Tangazo la shamba liliahidi giza kamili. Nilifika magharibi na kukuta taa nne nyeupe zimewashwa uani, mojawapo juu kabisa ya jukwaa la saruji waliloliita jukwaa la wapiga picha za nyota, ambalo nalo lina malipo yake. Nikaomba zizimwe. Nikaambiwa haiwezekani, wageni wengine wanataka kuona wanapokanyaga.

Ndiyo maana usiku ule wa kwanza nililiendesha gari kilomita mbili hivi nje ya ua, nyuma ya kilima cha mawe, nikachomeka mtambo na kompyuta kwenye tundu la kiberiti cha gari. Ilikuwa Juni 25, 2025, siku ya mwezi mwandamo. Mbalamwezi haipo, hakuna tarehe bora zaidi.

Kuhusu lile giza sijui niseme nini ili anayekaa mjini anielewe. Kufika saa moja na nusu Njia Nyeupe, ule utepe wa nyota, ilikuwa imeshatanda toka upeo hadi upeo. Kando ya Msalaba wa Kusini lile doa jeusi liitwalo Mfuko wa Makaa lilionekana kama tundu lililotobolewa, nalo ni vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Omega Centauri, kundi la nyota zipatazo milioni 10, niliiona kwa macho matupu, imefifia kwenye kingo kama tone la maziwa juu ya kitambaa.

Shida ilikuja kwenye kuulenga mtambo. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, la sivyo unafuatilia njia isiyo yake. Watu wa kaskazini wana nyota angavu pale nchani. Sisi wa kusini tuna Sigma Octantis, nyota hafifu ya daraja la mng'ao 5.4, iliyo nyuzi moja hivi kutoka ncha yenyewe. Kwetu, karibu na ikweta, sijawahi kuiona. Ncha ya kusini kwetu imelala karibu juu ya paa za watu, kwenye moshi na taa, na miaka yote nimekuwa nikilenga kwa dira na kukisia. Pale Namib ncha iko nyuzi kama 25 juu ya upeo. Niliufuata mti mrefu wa Msalaba, nikahesabu urefu wake mara nne na nusu, nikaweka jicho kwenye kidarubini cha ndani ya mtambo. Nikaona nyota chungu nzima! Kitu nilichokikosa maisha yangu yote kikawa kimefichwa na wingi wa wenzake. Nilipiga magoti kwenye kokoto dakika 40 nikitafuta nyota nne hafifu zenye umbo la trapeza, Sigma Octantis ikiwa mojawapo, na nilipozipata nilipiga kelele peke yangu.

Lacaille, mwanaastronomia Mfaransa, ndiye aliyelipa kundi la nyota lenye Sigma Octantis jina la Octans. Alikuwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, akipima karibu nyota 10,000 kwa darubini yenye upana wa nusu inchi. Nilimfikiria sana usiku ule, na baridi ile.

Nilianza na Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi angani, kwa sababu mwezi Juni huwa imeshavuka kilele na inateremka. Picha za kwanza zilitoka safi. Nikajifunika blanketi. Kufika saa sita na nusu, nikiwa nimeshahamia kitovu cha Njia Nyeupe, kioo cha kompyuta kikafifia, mota ikatoa mlio wa kuburuta, kimya. Picha tisa za mwisho zilikuwa mistari mitupu. Nikageuza ufunguo wa gari. Tk, tk, tk. Basi.

Simu haikuwa na mtandao. Njia ya kurudi kwa miguu gizani sikuiamini. Nililala kiti cha nyuma, soksi mbili mbili, maji ya chupa yakawa na ganda la barafu kabla ya asubuhi. Na kitanda nilichokilipia kiko kilomita mbili, kitupu.

Aliyenifuata ni mzee mmoja anayeangalia pampu za upepo za shamba lile. Kila mtu pale anamwita Tate, yaani baba, nami nikamwita hivyo hivyo; mimi akaniita Meme, yaani mama. Alikuja kwa miguu jua linachomoza, akasema aliona gari halikurudi. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati.

"Meme, umelala humu?"

Nikamweleza. Akafungua boneti, akagusa vichwa vya betri kwa kidole, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipata kwa mwenye nyumba. Alirudi baada ya saa nzima na pikapu na nyaya, akalibusti gari, likawaka. Kisha akaniambia jambo ambalo mtu yeyote anayepiga picha za anga anapaswa kulijua, nami sikulijua vizuri: betri ya kuwashia gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu ijazwe hapo hapo. Ukiinyonya polepole usiku kucha unaiua, na baridi inaipunguzia nguvu zaidi.

Siku ya pili upepo wa mashariki ulivuma na mchanga, sikutoa kifaa nje.

Siku ya tatu mchana Tate alinipeleka stoo yake. Alikuwa na betri ya zamani ya mfumo wa sola, ile ya kunyonywa taratibu, pana kama sanduku la viatu na nzito kuliko mtambo wangu. Akaiweka juu ya pipa. Akasugua vichwa kwa msasa mpaka risasi ikang'aa, akapaka grisi kidogo kwa ncha ya kijiti. Kisha akafungua vifuniko sita, kimoja kimoja, na kuingiza kile kijibomba cha kioo chenye mpira wa kuvutia. Ndani yake kuna boya dogo lenye rangi. Maji ya betri yakiwa na nguvu linaelea juu, yakichoka linazama. Chumba cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani. Alikuwa akiinua kijibomba usawa wa macho na kusubiri boya litulie kabisa kabla ya kusema. Cha tano boya lilizama hadi nyekundu. Akavuta tena kuhakikisha. Cha sita, kijani.

"Chumba kimoja mgonjwa," akasema. "Itakufikisha alfajiri, ila kompyuta usiipe."

Nikafuata sharti lake. Kamera ikatumia betri zake yenyewe, mtambo ukapewa hii, kompyuta ikabaki imezimwa. Tate mwenyewe akaja, akakaa kwenye jiwe na koti lake kubwa. Kuanzia saa mbili kasorobo nikapiga Carina, picha 45 za dakika mbili mbili. Kila kamera ilipolia akageuza kichwa. Mwishoni nikafunika lenzi na kupiga nyingine 15 za giza tupu, kwa baridi ile ile, kwa sababu kihisio cha kamera kina madoa yake ya joto na lazima uyapige peke yake ili uyatoe baadaye. Hilo lilimshangaza: kupiga picha za kifuniko.

Asubuhi yake, umeme ulipokuwepo, nikamwonyesha. Kwanza picha moja, peke yake. Chembechembe tele, katikati kama moshi wa rangi ya matofali. Kisha zote 45 zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine na kutafutiwa wastani. Nebula ikajitokeza nyekundu, na lile bonde jeusi linaloipasua, na Eta Carinae ndani yake, nyota ambayo mwaka 1843 iling'aa mpaka ikazidiwa na Sirius tu, nyota angavu kuliko zote za usiku.

Hakusifia. Aliitazama muda mrefu, akauliza, "Jana niliangalia pale pale. Mbona mimi sikuona nyekundu?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na watu waliotaka kunikamata kwamba nimepaka rangi. Yeye alitaka kujua. Nikamwambia ile rangi ni ya hidrojeni, mawimbi ya nanomita 656.3, ambayo hata kamera za kawaida zina kichujio kinachoizuia sehemu kubwa, na yangu kimeondolewa na fundi. Nikamwambia jicho gizani linatumia chembe zisizojua rangi, na nyekundu hiyo karibu haizigusi kabisa. Halafu jicho halitunzi. Linapokea, linaonyesha, linaanza upya. Kamera inapokea dakika mbili nzima, na mimi nimeziweka pamoja 45. Ukizidisha idadi ya picha mara nne, zile chembechembe zinapungua nusu.

Akafikiri. Akaonyesha kwa kidevu pampu ya upepo uani. Akasema upepo ukiwa mdogo, pampu ile inatoa maji matone matone. Mgeni akitazama mdomo wa bomba atasema hakuna maji humu. Atazame tangi.

Kwetu tunasema kudunduliza. Mtu anaweka senti kibubuni kila jioni na hakuna jioni hata moja anayoonekana ana fedha. Nimetafuta miaka neno la kueleza kazi hii, nikawa naazima maneno ya kiufundi yanayowachosha wasikilizaji, kumbe neno la nyumbani lilikuwepo, na ilinibidi nikalisikie kwa mtu asiyejua Kiswahili. Nebula ile iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 7,500. Mwanga uliosafiri muda wote huo ukafika jichoni kwa Tate na kupotea kwa sababu tu hakuna pa kuuweka.

Usiku wa nne niliutumia kwa Zohali, iliyochomoza usiku wa manane. Machi mwaka huo dunia ilikuwa imepita usawa wa pete zake, kwa hiyo bado zilionekana nyembamba kama uzi uliotungwa kwenye ushanga. Kwa darubini ya milimita 72 sikupata la kujivunia, ila nilifurahi kuuona ule uzi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kikapanda mashariki, Zuhura imekitangulia, kali kiasi cha kutupa kivuli changu juu ya kokoto. Kilimia kikizuka na jua huzama na mvua, bibi yangu alikuwa akisema, na nilikuwa sijawahi kukiona kikizuka. Nilikuwa nimesikia tu. Betri ya Tate ilikuwa bado inafanya kazi.

Alikataa fedha. Aliomba picha mbili, ile moja ya chembechembe na ile ya 45, zote kwa ukubwa mmoja. Nimeshazichapa na kuzituma.

Wakati wa kurudi, kwenye uwanja ule wa pili, nilitoa kikaratasi chenye muhuri. Nikaambiwa vitu vile huteketezwa.

Nyumbani nimepanda darini na kulenga kwa dira, kama zamani. Julai Carina bado ipo mara giza linapoingia, chini sana, upande wa taa za barabarani. Usiku wa kwanza nimepata picha 20, zote za rangi ya chungwa. Nimeziunganisha. Kuna wekundu kidogo sana katikati, mahali pake hasa. Jana nimeongeza 18, leo kuna mawingu.