Kisu cha mvuvi

Tangu Jumanne kuko neno halinitoki mu kichwa. Mdogo wangu ule wa mwisho, mnamujua, alikaa kwa kompyuta yangu kucheza ile game ya maandishi ninayotengeneza, na kwa soko ya mule kuko visu viwili, cha mpishi na cha mvuvi. Akaandika vizuri kabisa "chukua kisu cha mvuvi", game ikamupa cha mpishi. Akaandika tena, ile ile.

"Yaya, si nimesema cha mvuvi?"

Nikamwambia aandike 2.kisu, ni kusema kisu cha pili.

"Nitajua namna gani kama njo cha pili?"

Nikamujibu game inashika neno la kwanza tu.

"Aah. Basi iko kama weye. Mutu anaanza kusema, unashika neno la kwanza, unajibu."

Hakuwa na hasira hata kidogo, akaenda kusonga bukari.

Jumamosi kaka alioa, tulicheza mpaka asubuhi kule Kamalondo, lakini hata pale nilikuwa nasikia "kama weye". Kwa sababu mwezi uliopita alianza kuniambia habari ya masomo, mimi nikamukata pale pale, nikamwambia feza nitaleta. Hakukuwa anaomba feza. Alitaka kubadilisha masomo, na nililijua kwa mama.

Jumapili usiku kura ya umeme ilirudi, nikafungua kodi ya game, maandishi yenye kuiendesha. Nilikuwa nimefuata namna ya DikuMUD, game ya maandishi ya wachezaji wengi, ile ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ya 1991: kila kitu kiko na orodha ya majina yake, "kisu mvuvi", mchezaji anaandika neno moja, game inaangalia kama liko mu orodha. Kule walizoea kutaja kitu kwa neno moja, siye tunataja kitu na mwenyewe wake! Basi sasa inachukua maneno yote, inaondoa vile vidogo, "ya", "wa", "cha", "la", na yenye kubakia lazima yote yapatikane kwa orodha ya kitu kimoja, hata mwanzo wa neno tu, "kis mvu" inapita. Ilikubali. Nikajaribu "weka kisu cha mvuvi ndani ya sanduku ya chuma", ikakataa, nikatafuta karibu saa nzima, kumbe nilikuwa natupa "ya" mbele ya kutafuta "ndani ya", basi game haikujua kisu kinaishia wapi, sanduku inaanzia wapi. Kwanza kutafuta mpaka wa vitu viwili, kisha kutupa vidogo. Ikaenda! Nilipiga mikono saa saba ya usiku, batu wote wamelala.

Asubuhi nikamwita. Akaandika yote, pole pole, kisu cha mvuvi kikaingia kwake.

"Njo sasa inasikia," akasema.

Nikamwambia: ile habari ya masomo, anza mwanzo, sitakukata. Akaniangalia sana, akasema mangaribi, akitoka masomo.

Mvua ya usiku imeingia tena mu kona ya chumba cha mama, na fundi wa mabati hashike simu tangu Alhamisi.