Nilivyoifanya LaserJet 1020 na skana ya LiDE 110 zikubali Linux

Duka langu la steshenari liko Msamvu, Morogoro, jirani kabisa na stendi ya mabasi. Kazi kubwa ni kuchapa barua, kuprinti, na kuskani vyeti vya vijana wanaoomba ajira au mkopo wa chuo. Mashine zangu ni mbili, zote za mtumba: printa ya HP LaserJet 1020 na skana ya Canon LiDE 110. Mwaka 2021 laptopu ya dukani niliihamishia Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows, kwa sababu flashi za wateja zilinijazia virusi kila wiki. Upande wa virusi nilipumua siku ileile. Upande wa printa nilihangaika karibu mwezi mzima, na fundi mmoja akanikatia tamaa kabisa: "Dada, hiyo printa ni ya Windows. Kwa Linux utajisumbua bure."

Nilianza na amri moja tu, lsusb. Unachomeka waya, unafungua terminali (dirisha la kuandikia amri), unaandika neno hilo, na laptopu inakutajia kila kilichochomekwa. Printa ilitokea kwa namba 03f0:2b17, skana 04a9:1909. Nusu ya kwanza ya namba ni ya kiwanda, nusu ya pili ni ya modeli. Kumbe waya ni mzima na vyote viwili vinaonekana! Hadi leo sigusi draiva yoyote, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine, kabla ya kuandika lsusb, maana nimeona watu wakifuta na kusakinisha mifumo upya wakati ubovu uko kwenye waya wa shilingi elfu chache.

Hatua ya pili ilikuwa CUPS, programu inayopokea kazi zote za kuprinti kwenye Linux. Ukifungua kivinjari ukaandika localhost:631 unaiona printa yako pamoja na foleni ya kazi zake. Yangu ilikuwemo, na draiva yake ilikuwa imeshachaguliwa. Natuma ukurasa, CUPS inasema kazi imekamilika, na karatasi haitoki. Hicho ndicho kilichonisumbua kuliko yote. Mashine ikikuambia kosa, una pa kuanzia. Hii ilikuwa inaniambia imemaliza.

Ili wateja wasinikimbie, nilikuwa namwomba jirani yangu mwenye uwakala wa fedha aje na laptopu yake ya Windows. Tunachomeka waya kwake, tunaprinti, anarudi kwenye shughuli zake. Asubuhi moja aliondoka haraka, nikaurudisha waya kwenye laptopu yangu bila kuizima printa. Nikatuma ukurasa nikijua hautatoka. Ukatoka! Nikatuma wa pili, nao ukatoka. Nilishinda naprinti kutoka Linux hadi mchana, bila kujua nimefanya nini.

Saa saba na nusu akaingia mzee mmoja na karatasi zake za mafao, kurasa nane. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi na begi lake mapajani. Ukurasa wa tatu ulipotoka, umeme ukakatika. Laptopu ina betri, yenyewe ikaendelea kuwaka. Umeme uliporudi nikatuma zile tano zilizobaki. CUPS ikasema zimekamilika. Karatasi hakuna.

"Binti yangu, gari langu ni saa nane."

Nilimpeleka duka la pili, nikamlipia mwenyewe kurasa zote. Niliporudi nikakaa mbele ya ile printa nikajiuliza: asubuhi ilifanya kazi, sasa haifanyi, na hapa katikati kimebadilika nini? Laptopu ni ileile, waya ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba printa ilizimika.

Jioni nilisoma mpaka nikaelewa. LaserJet 1020 ilitengenezwa iwe ya bei nafuu, kwa hiyo programu yake ya ndani haikai ndani ya printa. Kila ikiwashwa, kompyuta ndiyo inayoimiminia programu hiyo, na ikizimwa inasahau yote. Laptopu ya jirani ilikuwa inaimiminia asubuhi, nami nikawa nakula jasho lake hadi umeme ulipokatika. Linux yangu ilijua kuandaa ukurasa, ila haikuwa na faili ya kuiamsha printa.

Faili hiyo inakuja kwenye nyongeza ya HPLIP. HPLIP yenyewe, mkusanyiko wa programu za HP kwa ajili ya Linux, ilikuwa tayari kwenye Mint. Nyongeza yake haimo, kwa sababu msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, haujafunguliwa kwa watu wote, kwa hiyo unaipakua mwenyewe na kukubali masharti yake. Hilo linaniuma kidogo. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, amesimulia mara nyingi jinsi alivyonyimwa msimbo chanzo wa printa ya leza iliyokuwa ikikwamisha karatasi pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, na jinsi jambo hilo lilivyomsukuma. Miaka yote hiyo, na bado kwenye printa ndipo mlango unapofungwa.

Niliwasha hotspoti ya simu, nikaandika hp-plugin, nikakubali, kisha hp-setup nikaichagua 1020. Nikaizima printa, nikasubiri kidogo, nikaiwasha. Kwanza kimya. Halafu roli za ndani zikazunguka sekunde kadhaa, zikanyamaza, taa ya kijani ikatulia. Mlio huo sasa naujua hata nikiwa nje ya duka. Umeme ukirudi nikausikia, najua printa imeshapata programu yake. Nisipousikia, naandika hp-firmware na inaamka.

Mwaka uliofuata ikalala tena. Nilikuwa nimepandisha Mint kutoka toleo la 20 hadi 21, HPLIP nayo ikapanda kutoka 3.20.3 hadi 3.21.12, na nyongeza niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Namba ya toleo la HPLIP na ya nyongeza yake lazima zilingane. Nikarudia hp-plugin, kazi ikaisha ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo ukipandisha mfumo, fanya hivyo siku ambayo huna foleni ya wateja.

Kuna dogo lililonigharimu karatasi nyingi. Wakati wa kusakinisha nilichagua Kiingereza cha Marekani, na Marekani wanatumia karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Barua zikawa zinakatika chini, penye sahihi. Weka A4 kwenye CUPS, kisha hakikisha programu unayoandikia nayo iko kwenye A4.

Skana ilinipa shida ya namna nyingine. Niliandika scanimage -L, ikajitaja hapohapo kwamba iko chini ya genesys, mojawapo ya draiva za SANE, mfumo unaohudumia skana kwenye Linux. Ukurasa wa kwanza ukatoka safi. Wa pili, taa ikasita, programu ikaganda. Nachomoa, nachomeka, ukurasa mmoja, inaganda tena. Kijana mmoja alikuwa na vyeti sita, nikamchomolea waya mara sita. Tatizo lilikuwa tundu. Nilikuwa nachomeka kwenye lile la buluu, la USB 3, na baadhi ya skana hizi haziendani nalo vizuri chini ya SANE. Nikahamia tundu jeusi, la USB 2, vyeti vikapita mfululizo. Kama laptopu yako ina ya buluu tupu, andika export SANE_USB_WORKAROUND=1 kwenye terminali, kisha fungua programu ya kuskani kutoka humohumo. Tena usiipitishe LiDE kwenye kigawanya USB cha bei ya chini, kwa sababu inachota umeme wake wote kwenye waya huohuo.

Kwa vyeti vya maombi ya mtandaoni naskani kwa 150 dpi (nukta kwa kila inchi), rangi ya kijivu, nahifadhi PDF. Faili inakuwa nyepesi na mhuri unasomeka. Picha za pasipoti tu ndizo napandisha hadi 300, kwa rangi.

Yule jirani wa uwakala amenunua printa mpya ya Wi-Fi. Laptopu yangu iliiona yenyewe bila draiva yoyote, maana printa za sasa zinaongea na CUPS moja kwa moja kwa IPP, lugha ya pamoja ya kuprinti kupitia mtandao. Amenishauri nami ninunue. Lakini 1020 yangu inatumia tona ya 12A, ambayo naipata hapa mjini bila shida, na bado inatoa herufi nyeusi tii.