Mzeituni wa kwenye chungu: baridi haiuui, maji ndiyo yanaua

Ikifika Juni na Arusha ikishafunikwa na mawingu, watu huanza kuhamishia mizeituni yao sebuleni. Iache nje. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi kama nyuzi 12, na mzeituni uliokomaa huvumilia hata nyuzi 5 chini ya sifuri. Tena huo ubaridi wa usiku ndio unaouamsha kutoa maua. Ndugu yake wa mwituni, ule ambao Wamaasai huuita oloirien na kuutumia kufukizia vibuyu vya maziwa, unaota wenyewe kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro.

Kinachoua ni maji. Masika huacha chungu kimelowa, kipupwe kinaleta manyunyu, mti haunywi kama wakati wa jua, na mwenyewe bado anamwagilia kwa ratiba ya Januari. Mizizi inakosa hewa na kuoza. Majani yanageuka njano na kudondoka yakiwa bado laini. Mwenye mti anadhani ni kiu, anaongeza maji! Mti wenye kiu ya kweli hukunja majani kwa ndani, yakakauka hadi yanakatika mkononi. Ukiwa na shaka, laza chungu uutoe mti. Mzizi uliooza ni mweusi, ukiuvuta ganda lake linavuka kama soksi unabaki na uzi, na unanuka mtaro. Kata mizizi yote ya hivyo mpaka ukute sehemu nyeupe, punguza matawi kwa theluthi, kisha panda kwenye udongo mpya.

Udongo huo ni ndoo 2 za udongo tifutifu, ndoo 1 ya kokoto nyepesi za volkano zenye ukubwa wa punje ya mahindi, na nusu ndoo ya samadi iliyooza kabisa. Ule mweusi wa mfinyanzi usiuguse. Na ile desturi ya kupanga mawe chini ya chungu iacheni jamani: maji hayatoki kwenye udongo kuingia kwenye mawe mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza tope karibu na mizizi. Toboa matundu 4 ya unene wa kidole, inua chungu kwa vipande 3 vya tofali, ondoa sahani.

Kumwagilia, zamisha kidole hadi pingili ya pili. Pakiwa na unyevu, subiri. Chungu cha sentimita 40 hutosheka na lita 3 hivi kila baada ya siku 10 hadi 14. Moshi mjini kuna joto zaidi, kwa hiyo pima mapema.

Mbolea simamisha hadi Septemba. Kupogoa pia, isipokuwa kwa mti uliooza mizizi, maana kidonda kibichi kwenye unyevunyevu hualika ukungu.

Ukiona madoa ya mviringo meusi juu ya jani, huo ni ukungu. Chuma majani yenye madoa, uyachome, kisha pulizia dawa ya shaba, ile ya buluu ya wakulima wa kahawa, kwa kipimo cha kwenye lebo. Pulizia asubuhi isiyo na manyunyu, na upande wa chini wa majani usiusahau.