PRP ya sungura: hesabu chembe kabla ya kufungua goti

Katika jaribio la goti la sungura, kano ikipandikizwa ndani ya tundu la mfupa, inachelewa kushika. Mtafiti Rodeo na wenzake walipima jambo hilo kwa mbwa, wakachapisha mwaka 1993: hadi wiki ya 8 kano ikivutwa ilichomoka tunduni, kuanzia wiki ya 12 haikuchomoka tena. Katika wiki hizo za mwanzo ndipo PRP, yaani plazima iliyojaa chembe sahani, inatarajiwa kusaidia. Chembe zikiamka zinaachia PDGF, TGF-beta na vichocheo vingine vinavyoita seli na mishipa midogo ya damu.

Kwa wanafunzi wa mifugo wa Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na yeyote mwenye labo ndogo hapa Lubumbashi, nasema hivi: jaribio likishindwa, ichunguze kwanza damu, halafu ndiyo ulaumu PRP.

Sungura wa kilo 3 ana damu kama mililita 180. Vuta mililita 9 kutoka ateri ya katikati ya sikio, polepole, kwenye bomba ambalo tayari lina mililita 1 ya sitrati ya sodiamu ya asilimia 3.8, inayozuia damu kuganda. Sitrati itangulie, ikichelewa, vidonge vidogo vya damu vinameza chembe zako na huvioni kwa macho. Bomba la EDTA (dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda) ni la kuhesabia tu, maana EDTA inaharibu umbo la chembe sahani.

Sasa mashine ya kuzungusha. Kuandika "mizunguko 1500" bila ukubwa wa rota (kichwa kinachoshika mabomba) ni kuandika bure. Nguvu ya g (mara ngapi ya mvuto wa dunia) ni 0.00001118 × nusu kipenyo cha rota kwa sentimita × mizunguko kwa dakika, hiyo mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa g 200, rota ya sentimita 10 inataka mizunguko kama 1340. Ya sentimita 15, kama 1090. Zungusha dakika 10, breki imezimwa, joto la chumba. Usiweke kwenye friji: baridi inaamsha chembe.

Nyonya plazima, uache milimita chache juu ya utando mweupe ulio kati yake na damu nyekundu. Ukiugusa utando unapata chembe sahani zaidi, lakini pia seli nyeupe zinazochochea uvimbe. Chagua moja na uiandike. Zungusha tena kwa g 800, dakika 10, kisha mimina plazima ya juu kwenye bomba jingine, ibaki mililita 1: hiyo ndiyo PRP. Acha bomba litulie kidogo, ndipo ukoroge taratibu. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko wa kwanza (na utakatika), geuza bomba pole pole mara chache, uanze dakika upya.

Hesabu chembe za damu nzima na za PRP. Lengo ni PRP iwe na chembe mara 3 hadi 5 ya damu nzima. Chini ya mara 2, mnyama huyo asiingie kwenye kundi la PRP.

Ukiimimina PRP gotini ikiwa majimaji, maji ya goti yataisomba. Changanya na kloridi ya kalsiamu ya asilimia 10, mililita 0.1 kwa kila mililita 1, ngoja igande kama uji mzito, ndipo uipake kwenye kano na tundu. Usiifanye saa moja mapema: sehemu kubwa ya vichocheo hutoka ndani ya saa hiyo ya kwanza. Thrombini ya ng'ombe (kigandisha damu) iache, inaweza kuzusha kingamwili. Kundi la kulinganishia lipewe ile plazima ya juu iliyomiminwa kando, ikiwa imechanganywa na kalsiamu ileile.