Kilomita 42 zilizolipiwa kabla ya kukimbiwa

Mbio za Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, ilhali shule zetu za sekondari hufungua mwaka mpya wa masomo mwezi Januari. Mtu anayetaka kukimbia ili kuwachangia watoto wanaoingia kidato cha kwanza hukutana na pengo hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu mtoto asiye na sare, viatu na madaftari anavihitaji shule inapofunguliwa, si baada ya mimi kuvuka mstari wa mwisho. Nilipoanza kupanga jambo hili mwezi Septemba, niliona kwamba utaratibu wa kukimbia kwanza na kukusanya ahadi baadaye haungetufaa. Fedha zote zilipaswa kupatikana kabla ya Krismasi, na kwa hiyo kitu pekee nilichoweza kuwaonyesha wachangiaji kama dhamana kilikuwa mazoezi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro ninayefanya kazi Dar es Salaam, na kama ilivyo desturi yetu, kila Desemba ninapanda basi kurudi nyumbani. Ni mwezi huo huo ambapo matokeo ya darasa la saba yameshatoka, watoto wamepangiwa shule, na wazazi wanazunguka na fomu za kujiunga mkononi wakitafuta ndugu wa kuwasaidia. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, Serikali iliondoa ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na mimi ni miongoni mwa watu wanaoamini kwamba hatua hiyo iliwafungulia mlango watoto wengi ambao wazazi wao hawakuwahi kuota kidato cha kwanza. Hata hivyo, fomu ya kujiunga bado inataja sare jozi mbili, sweta, viatu vyeusi, soksi, begi, madaftari makubwa, seti ya jometri na rimu ya karatasi, na kwa anayekwenda bweni huongezwa godoro, shuka, ndoo na tranka. Kwa familia inayoishi kwa kuuza mikungu michache ya ndizi na vibarua vya hapa na pale, orodha hiyo ni ndefu kuliko kipato cha miezi kadhaa.

Sikutaka fedha za watu zipite katika mfuko wangu. Nililiendea shirika dogo lisilo la kiserikali, lililosajiliwa, linalofanya kazi katika vijiji vya Moshi Vijijini, na tukakubaliana kwamba michango yote itaingia katika lipa namba ya shirika, kwamba watoto watachaguliwa na maofisa wake wakishirikiana na walimu wakuu wa shule za msingi walikotoka, na kwamba mimi sitakuwa na kauli katika kuchagua jina lolote. Sharti hilo la mwisho nililiomba mwenyewe. Nina shangazi, wajomba na wadogo wengi katika vijiji hivyo, na nilijua kwamba endapo ningekuwa na kauli, simu yangu isingepumzika, na mtoto asiye na ndugu mjini angesahaulika.

Wazo la kuuza kilomita lilitokana na michango ya harusi. Sote tunajua jinsi Mtanzania anavyochangia harusi: anapewa kadi, anaandika ahadi, anajua tarehe, anajua nani ni mweka hazina, naye hulipa kidogo kidogo hadi siku ikafika. Watu hao hao, ukiwaomba mchango wa shule kwa maneno ya jumla, hukuitikia kwa upole na kusahau. Sidhani kwamba wanaijali harusi kuliko shule. Naamini tofauti ni kwamba harusi ina siku yake na kila mchangiaji anaona sehemu yake ndani ya shughuli. Kwa hiyo niliigawa marathoni katika kilomita 42, kila kilomita ikiwa shilingi 50,000, na kila mchangiaji akapewa kilomita yake yenye namba, ambayo ningeikimbia kwa niaba yake. Shirika lilikuwa limekadiria kwamba mtoto mmoja wa shule ya kutwa angehitaji takriban shilingi 170,000, hivyo shilingi 2,100,000 zingewatosha watoto 12 na kubakiza kiasi cha usafiri na makato ya kutoa fedha.

Wengi waliuliza kuhusu mita 195 zinazozidi kilomita 42, nami niliwaeleza kwamba urefu huo ulitokana na Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Mama yangu mzazi, aliposikia habari hiyo kwa simu, alisema, "Mwanangu, hizo zilizobaki ni zangu," akatuma shilingi 5,000 za ndizi. Ofisini kwetu, wahudumu watano waligawana kilomita moja kwa shilingi 10,000 kila mmoja, na niliwahesabu kuwa wamiliki kamili sawa na mkurugenzi aliyenunua ya kwake peke yake.

Kila Jumapili jioni nilituma taarifa katika kundi letu la WhatsApp. Taarifa hiyo ilikuwa na mambo matatu tu: umbali niliokimbia juma hilo, kiasi kilichoingia katika akaunti ya shirika, na namba za kilomita ambazo hazijapata mwenyewe. Sikuandika kamwe majina ya walioahidi na hawajalipa, ingawa kamati nyingi hufanya hivyo, kwa sababu naona kumwaibisha mtu mbele ya wenzake hukusanya fedha mara moja tu, na mimi niliwahitaji watu hawa kwa muda mrefu. Juma ambalo mazoezi yalikwenda vizuri, michango iliongezeka. Nilipoandika kwamba nimefika Tegeta na kurudi, kilomita tatu zilinunuliwa usiku huo huo. Kwa wachangiaji wangu, jasho la Oktoba lilikuwa ndiyo uthibitisho kwamba mbio za Februari zitakimbiwa.

Sasa niseme habari za mazoezi yenyewe, maana yalinidai mengi. Nilikuwa nimezoea mbio fupi za asubuhi, lakini marathoni ni jambo jingine. Nilijiunga na klabu moja ya jogging ya Sinza, ambayo hukusanyika alfajiri kabla magari hayajajaa barabarani, na kwa mwanamke anayekimbia gizani kundi hilo ni ulinzi kabla hata halijawa msaada wa mazoezi. Tulikimbia siku nne kwa juma. Siku mbili zilikuwa za mwendo mwepesi, ule ambao mtu anaweza kuongea na mwenzake bila kukata pumzi. Siku moja ilikuwa ya milima. Na Jumamosi ilikuwa ya mbio ndefu, kutoka Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, umbali wa takriban kilomita 13 kwenda peke yake. Umbali wa Jumamosi uliongezwa kidogo kidogo, na kila baada ya majuma matatu tuliupunguza ili mwili upate kujijenga. Mifupa na kano huchelewa kuzoea kuliko mapafu, na anayefuata pumzi zake tu huishia kuumia goti au muundi.

Joto la Dar es Salaam katika miezi hiyo si la kupuuzwa. Mvua za vuli zikiisha, kaskazi inaanza kuvuma, na hata saa kumi na moja alfajiri hewa ni nzito. Nilijifunza kunywa maji kidogo kidogo yaliyotiwa chumvi na sukari, badala ya kumeza lita nzima kwa mkupuo, kwa kuwa maji mengi matupu huipunguza chumvi katika damu na yanaweza kumdhuru mkimbiaji vibaya. Chakula changu hakikubadilika sana: ugali, viazi vitamu, ndizi, maharage, dagaa, na tende mbili tatu mfukoni siku za mbio ndefu, kwa sababu akiba ya sukari ambayo mwili hujiwekea huelekea kwisha kwa wengi baada ya kilomita 30 hivi. Raba nilinunua mpya. Nguo zote zilikuwa za mtumba, lakini raba ya mtumba huwa imeshakanyagwa na mguu wa mtu mwingine na soli yake imelalia upande wake.

Jambo lililonihangaisha zaidi lilikuwa mlima. Anayeijua njia ya Moshi anajua kwamba mbio hizi huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na kwamba sehemu ya kwanza, inayofuata barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini, ni ya upole. Ugumu unaanza katika nusu ya pili, pale njia inapogeuka kupanda kuelekea Mweka kwa takriban kilomita kumi bila kupumzika, ndipo wakimbiaji wageuke na kushuka hadi uwanjani. Mlima, kwa maneno mengine, unakukuta ukiwa tayari umechoka. Kocha wetu, mzee mstaafu aliyewahi kukimbia njia hiyo, aliniambia mapema, "Mwanangu, usizihesabu kilomita za Tegeta ukadhani umekwishauzoea mlima." Akanipangia miinuko ya Mlimani, ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupanda na kushuka kwa saa nzima, na baadhi ya Jumamosi tulikwenda Pugu. Alisisitiza kushuka kama alivyosisitiza kupanda, akieleza kwamba misuli ya mapaja huumizwa zaidi na mteremko, kwa sababu hapo inauzuia mwili usiporomoke huku yenyewe ikivutwa. Baadaye nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote.

Katikati ya Desemba kilomita zote zilikuwa zimenunuliwa. Nilikwenda nyumbani mapema kuliko kawaida, na siku iliyofuata nikaambatana na maofisa wawili wa shirika hadi Moshi mjini. Viatu, begi na madaftari tulinunua katika maduka ya jumla, masweta tulichagua katika soko la Kiboriloni moja moja tukiyakagua mishono, na sare alipewa fundi wa kijijini, kwa kuwa tuliona ni vyema sehemu ya fedha ibaki kwa watu wa pale pale. Kila risiti ilipigwa picha na kuwekwa katika kundi siku hiyo hiyo. Vifaa vilikabidhiwa kwa wazazi mbele ya walimu wakuu, bila mikutano wala hotuba, na sikuruhusu picha ya mtoto yeyote isambazwe. Mtoto wa miaka 13 au 14 anayeanza shule mpya ana haki ya kuingia darasani kama wenzake, bila kujulikana kwamba sweta yake ilichangiwa.

Siku zilizobaki za likizo nilizitumia kuikimbia njia ya Mweka yenyewe, asubuhi, kati ya migomba na mibuni, nikijifunza kila kona. Januari shule zilipofunguliwa, watoto 11 waliripoti katika juma la kwanza. Familia ya mtoto wa 12 ilikuwa imehamia Arusha, na shirika likamfuatilia hadi vifaa vyake vikamfikia huko. Habari hiyo ilinipa utulivu mkubwa, lakini pia iliniongezea uzito, maana sasa nilikuwa na deni la kilomita 42 ambazo tayari zilikuwa zimevaliwa na watoto miguuni.

Siku ya mbio nilikuwa na karatasi ndogo ndani ya mfuko wa nailoni yenye namba na majina ya wenye kilomita. Barabara ya Dar es Salaam niliikimbia taratibu kuliko nilivyotamani, nikiwaacha wengi wanipite. Tulipogeuka kupanda, nilipunguza hatua na kuanza kulisoma kila jina kilomita yake ilipofika. Za mlimani zilikuwa za watu waliozichagua wenyewe: mjomba aliyetaka ile yenye mwinuko mkali zaidi, mwalimu wangu wa darasa la nne, wale wahudumu watano wa ofisini. Wanakijiji walijipanga kando ya barabara wakisema, "Pole mama, jitahidi, karibu unafika!" nami nilijikaza kwa sababu nilikuwa nakimbia kilomita ya mtu aliyenikopesha imani yake tangu Oktoba. Nilitembea mahali pawili, kama kocha alivyoniruhusu. Kutoka Mweka kushuka, mapaja yalinishika, lakini hayakuniangusha, na mita 195 za mama yangu nilizimaliza nikikimbia.

Jioni hiyo nilituma taarifa ya mwisho ya msimu, pamoja na cheti changu na barua ya shirika yenye hesabu zote hadi shilingi ya mwisho. Lakini kidato cha kwanza ni mwaka mmoja kati ya minne, na mtoto wa umri huo huzidi kiatu chake kabla ya mwaka kwisha, tena shule nyingi za kutwa zinategemea michango ya wazazi ili wanafunzi wapate chakula cha mchana. Kwa hiyo niliwaomba wenye kilomita waendelee kuzishika hadi watoto hawa wafike kidato cha nne, kila mmoja kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hata wahudumu wetu wa ofisini walisema wanakimudu, nami nikaahidi kurudi Moshi kila mwaka kuzikimbia. Walio wengi wamekubali. Hadi ninapoandika haya, kilomita tano hazijapata mwenyewe, zote zikiwa upande wa barabara ya Dar es Salaam, kwa kuwa zile za Mweka hakuna aliyetaka kuziachia.